Yowe la Ng'ombe Kwa Mseti

Kwa Mseti hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na ndama, hapakuwa na kwato, hapakuwa hata na kipande cha kamba ya kufungia. Zizi lilikuwa limeota mchicha, na mkewe Nyamburi aliuchuma kila jioni bila aibu yoyote. Watu wote wa kitongoji chao, kule Butiama ukitoka Mwitongo unashuka kama unaelekea korongoni, walilijua hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Ndiyo maana asubuhi ile yowe la ng'ombe, lile la kuita watu wafuate wezi wa mifugo, lilipotokea kwa Mseti, watu walikimbia kwanza, kushangaa wakashangaa baadaye.

Na aliyelipiga alikuwa Matrida, binti yao.

Huyu Matrida, hata mwalimu wa hesabu alishaacha kumuuliza maswali, kwa sababu ukimuuliza anasimama, anatazama viatu vyake, halafu anakaa. Kanisani akiimba unaona mdomo tu unacheza. Jirani akipita akimsalimia, jibu linatoka jirani ameshafika kwake na ameshavua viatu. Sasa mtoto wa namna hiyo kupanda juu ya kichuguu na kuita dunia nzima, lazima kulikuwa na jambo.

Jambo lilikuwa blanketi. Matrida aliamka, akachungulia nyuma ya pazia anakolala kaka yake Wanzagi, akakuta blanketi limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Tangu Wanzagi arudi kutoka Musoma alikokuwa anabeba magunia ya dagaa, hakuwahi kukunja kitu. Alikuwa analala ameangalia ukuta, jua linawaka nje yeye amejifunika mpaka kichwani. Ugali alikuwa anauangalia kama mtu anayeangalia picha ya ugali. Majirani wengine walisema ni mwanamke wa mjini, wengine walisema amerogwa. Mwenyewe alisema amechoka tu.

Baba yake hakuikubali hiyo.

"Kesho nikitoka Bunda nampitisha kituo cha polisi," Mseti alikuwa amesema usiku wa jana yake wakati wa kula. Yeye alikuwa fundi baiskeli sokoni Bunda, na kila kitu aliamini kinanyooka ukikigonga. "Wamuweke ndani kidogo, wamtishe, akili itarudi."

"Akili inarudiga kwa kutishwa?" akauliza Nyamburi.

"Yangu ilirudi."

"Lini?"

Mseti akaendelea kula. Lakini nyuma ya pazia Wanzagi alikuwa amesikia, na Matrida alijua amesikia, maana kitanda kililia kidogo. Na kitu kingine Matrida alikijua peke yake. Juzi yake Wanzagi alikuwa amemwambia, "Kule Kiabakari, kwenye yale mashimo ya zamani ya dhahabu, lazima pako kimya sana. Mtu akikaa mle hasikii hata kichwa chake." Matrida hakujua amjibu nini, kwa hiyo hakujibu. Kama kawaida yake.

Sasa blanketi limekunjwa, na Mseti ameshaondoka kwenda Bunda. Nyamburi alikimbia kwa Prosper, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kitongoji, akamkuta anakunywa uji. Prosper hakuinuka. "Mama Wanzagi, huyo ni mwanaume mzima. Ameenda kutembea. Njaa ikimuuma atarudi." Akapuliza uji wake. Nyamburi akarudi mbio na kanga inamdondoka, analia bila sauti.

Matrida akapanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Mayowe aliyoyajua yalikuwa matatu: la moto, la msiba, na la ng'ombe. La moto watu watatazama kama kuna moshi, wasipouona watarudi kulala. La msiba hakutaka hata lipite kinywani mwake. Akafumba macho ili asimuone mtu yeyote akimuona, akalipiga la ng'ombe.

* * *

Walikuja kama siafu. Mmoja alikuja na povu la dawa ya meno, mwingine alikuja amevaa kanga ya mkewe, iliyoandikwa maneno ya mapenzi. Walikuja na marungu, mikuki, pinde na mbwa. Prosper alifika na filimbi mdomoni na kikombe cha uji mkononi. Na mzee Matiko, msoma unyayo wa kitongoji, hakusalimia mtu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tope lilikuwa zuri, akainama moja kwa moja kama kuku aliyeona mtama.

"Ametokea hapa," akasema Matiko. "Ni mkubwa. Amechoka." Akagusa tope, akanusa kidole. "Anakanyaga kwa uzito. Ana mimba."

"Wako wangapi?" Prosper akamuuliza Matrida.

Matrida akainua kidole kimoja.

"Rangi gani?"

Matrida akatazama viatu vyake.

"Subiri kwanza," akasema yule wa kanga. "Mseti ana ng'ombe tangu lini?"

"Atakuwa amenunua kimya kimya. Unamjua Mseti."

"Anunue ng'ombe mwenye mimba asituambie? Na juzi kaja kwangu kuomba chumvi?"

"Ndiyo maana zizi kaliachia mchicha. Alikuwa anamficha humo."

Walikuwa wameshaanza kukasirika kuhusu uchoyo wa Mseti pale Matiko alipoinuka taratibu, ameshika kiuno.

"Jamani," akasema. "Huyu ng'ombe amevaa viatu."

Watu wakainama naye.

"Mguu mmoja katambuga ya tairi. Mguu mwingine yeboyebo ya plastiki."

Hapo hapakuwa na haja ya kuuliza. Kitongoji kizima kilishamcheka Wanzagi siku aliporudi kutoka Musoma na viatu viwili ambavyo havijawahi kuonana.

"Ni kaka," Matrida akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka mbwa wakasogea kusikiliza. "Ameenda kwenye mashimo."

Prosper akatoa filimbi mdomoni. "Binti, umetupigia yowe la ng'ombe kwa ajili ya mtu?"

"Kwa ajili ya mtu mama alikuja, kamanda. Ulikuwa unakunywa uji."

Hakuna aliyewahi kumsikia Matrida akisema sentensi ndefu namna hiyo. Prosper akaangalia kikombe chake kama amekiokota njiani. Wachache nyuma walianza kunung'unika kwamba wao wana mashamba, lakini Matiko alikuwa ameshaondoka, amekunja mgongo, anasoma.

"Mimi unyayo nikishaushika siuachi," akasema bila kugeuka. "Anayeacha unyayo katikati anavimba miguu. Baba yangu aliacha mmoja, hakuvaa viatu tena mpaka anakufa."

Kila mtu akaangalia miguu yake. Wakamfuata.

* * *

Unyayo ulishuka korongoni, ukavuka maji, ukapanda ng'ambo. Na ng'ambo ni kitongoji cha watu wengine, wenye sungusungu wao na kamanda wao. Kamanda huyo aliitwa Brian, kijana mwenye kizibao cha kung'aa alichobaki nacho alipoacha bodaboda. Alikuwa amesikia mayowe, amesimama juu ya ukingo na watu wake.

"Simameni hapo hapo. Mnafuata nini?"

"Unyayo," akasema Matiko. "Umeingia kwenu. Na ukiingia kwenu ni wenu. Tuonyesheni ulipotokea upande wa pili, ama mlipe."

Hiyo sheria Brian aliijua, babu yake mwenyewe alishawahi kulipa. Akashusha pumzi. "Ng'ombe wa rangi gani?"

Prosper akakohoa. "Maji ya kunde."

"Pembe?"

"Hana."

"Alama?"

"Ana kovu hapa kwenye nyusi," akasema Nyamburi. "Na amemaliza fomu foo."

Watu wa ng'ambo wakatazamana.

"Mnafuata mtu nyie," akasema Brian.

"Sheria haikusema kwato," akasema Matiko. "Imesema unyayo. Hebu shuka uangalie, hiki ni nini kama si unyayo?"

"Sisi hatujamla kijana wenu."

"Nani amesema mmemla? Tumesema ameingia kwenu."

"Na tukishindwa kumuonyesha tunalipa nini? Kijana?"

"Unaye?"

Brian akafikiria vizuri. "Ninaye Amos, mdogo wangu. Ila anakula sana huyo, mtamrudisha wenyewe."

Watu wa pande zote wakacheka, hata Amos alicheka, na pengine wangeendelea kubishana sheria mpaka mchana. Lakini Nyamburi alikaa chini. Alikaa tu kwenye tope na kanga yake, kama mtu ambaye miguu imemwambia basi. Matrida akakaa karibu yake. Kicheko kikaisha chenyewe.

Brian akaanza kuvua kizibao, akakivaa tena. "Alipita kwangu," akasema kwa sauti nyingine. "Aliomba maji nikampa. Akauliza mashimo yako upande gani. Nikamuonyesha. Nilidhani anatafuta kibarua."

Upepo ulikuwa unapiga kile kizibao.

"Basi unyayo ni wetu," akasema Brian. "Mama, inuka. Twendeni."

* * *

Mashimo ya Kiabakari yako nyuma ya vichaka, mengine yamezibwa, mengine yamesahauliwa. Walipokaribia, Prosper alipeleka filimbi mdomoni. Matrida akamshika mkono. Mkono wa kamanda. Mwenyewe alishangaa kuuona mkono wake pale.

"Akisikia filimbi atajua ni polisi," akasema. "Baba alisema atampeleka."

Prosper akageuka kuwatazama watu wake kama anawaona kwa mara ya kwanza. Mikuki, pinde, marungu, mbwa wametoa ulimi, na yule wa povu ambalo sasa lilikuwa limemkaukia kwenye kidevu.

"Hata mimi ningewaona hivi ningeruka," akasema. "Wekeni chini silaha. Kaeni. Na mnyamaze."

Silaha ziliwekwa. Mzee Matiko alikataa kuuacha upinde, akaukalia. Lakini kunyamaza kulikuwa kazi. Tumbo la mtu likanguruma. Mwingine akapiga chafya, akazibwa pua na wenzake mpaka macho yakamtoka. Halafu simu ya Brian ikaita, na mlio wake ulikuwa kwaya nzima yenye kinanda na vigelegele. Alipokuwa anaitafuta, mfuko huu, mfuko ule, kwaya ikafika kwenye kiitikio.

"Nani huyo?" ikasema sauti ya Wanzagi kutoka nyuma ya jiwe.

Matrida akaenda peke yake. Alimkuta kaka yake amekaa karibu na mdomo wa shimo, amekumbatia magoti. Viatu alikuwa amevivua, amevipanga kando, tairi na yeboyebo. Matrida hakumkaribia sana. Akakaa kwenye nyasi.

"Umekuja na nani?" akauliza Wanzagi bila kugeuka.

"Kitongoji."

"Kitongoji gani?"

"Chote. Na wa ng'ambo."

Wanzagi akainua kichwa. "Hao watu hawatokagi hata kwa moto. Umewaambia nini?"

"Nimepiga yowe la ng'ombe."

"Sisi hatuna ng'ombe, Matrida."

"Najua."

Mabega ya Wanzagi yakatikisika kidogo.

"Matiko amekusoma," Matrida akaendelea, maana aliona yanatikisika. "Amesema una mimba."

"Mimi?"

"Na wa ng'ambo wamedaiwa, kwa sababu uliingia kwao. Walitaka kulipa Amos."

Hapo Wanzagi akacheka. Ilikuwa sauti mbovu, kama mlango wa stoo uliofungwa muda mrefu, lakini ilikuwa kicheko. Akacheka mpaka akalala chali kwenye nyasi, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Matrida hakusema kitu. Kunyamaza alikuwa anakuweza, na siku ile kulifaa.

"Nimechoka sana," akasema Wanzagi.

"Najua. Kachokee nyumbani."

Wanzagi akavaa viatu vyake, kimoja kimoja. Walipotokea nyuma ya jiwe akakuta watu wa vitongoji viwili wamekaa chini kimya kama wako misani, wote wanamtazama. Prosper aliona inabidi kamanda aseme jambo. Akasimama, akatafuta neno, akalikosa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akajibu Wanzagi kwa mshtuko.

* * *

Mseti aliporudi kutoka Bunda alikuta watu wamejaa zizini kwake wamekalia mchicha. Mtu wa kwanza aliyekutana naye alimpa mkono akampongeza kwa ng'ombe. Wa pili alimwambia hakutegemea uchoyo wa namna ile. Ilibidi Nyamburi amvute pembeni amueleze mwanzo mpaka mwisho, na alipofika kwenye mashimo, Mseti alishika nguzo ya zizi. Nguzo ilikuwa imeoza, ikang'oka, akabaki ameishika.

"Kwa hiyo mnampeleka kituoni?" akauliza, lakini bila nguvu.

"Kituoni wanaendaga wezi," akasema Prosper. "Huyu ameiba nini?"

"Na nusu ni wetu," akasema Brian. "Amepatikana upande wetu."

Katikati yao alikuwa amekaa muuguzi Grace, anayehudumia wagonjwa wa akili kule hospitali, ambaye Nyamburi alimpigia simu na akaja kwa bodaboda. Alikuwa ameshaongea na Wanzagi nyuma ya pazia, wao wawili, muda wa kutosha.

"Huu ni ugonjwa kama malaria," akasema Grace. "Kliniki atakuja, na dawa zipo, na maongezi yapo. Lakini mimi naishi mbali, nyie mnaishi naye. Asikae peke yake siku hizi. Na msimhubirie."

"Sasa tukae naye tunaongea nini?" akauliza Matiko.

"Msiongee. Msikilize."

Wanaume wakatazamana kama wameambiwa wanyonyeshe. Lakini zamu walizijua, walikuwa wanazipanga kila wiki za kulinda mifugo. Wakapanga palepale: leo mtu wa huku, kesho mtu wa ng'ambo, na siku ya kliniki Brian anampeleka na baiskeli. Mseti akainua mkono alioshikia nguzo. "Na mimi niwekeni," akasema. Wakamuweka.

Ikabaki kesi ya Matrida. Anayepiga yowe la ng'ombe na ng'ombe hayupo faini yake ni mbuzi, na mbuzi hapakuwepo. Prosper akasema labda kosa ni la kitongoji, hakuna yowe la mtu aliyechoka, inabidi litungwe. Wakaanza kulitunga. Yule wa kanga alitoa lake, mbwa wakakimbia. Amos wa ng'ambo alitoa lake, mtoto wa jirani akaanza kulia. Mwishowe Matiko akawanyamazisha.

"Acheni ujinga. Tukiweka yowe la mtu, watu watauliza kwanza ni mtu gani, mtoto wa nani, amefanyaje. La ng'ombe ndilo linatutoa kitandani. Libaki hilohilo."

Walinyamaza, na ule unyamavu haukuwa mzuri sana, kwa sababu kila mtu alijua ni kweli. Faini wakaifuta kwa mchicha waliokuwa wameukanyaga.

* * *

Zamu zilienda zinavyojua. Mzee Matiko alitembea mbele ya Wanzagi akimsomea unyayo wa kila kuku. Yule wa kanga alikaa kimya siku ya kwanza, siku ya pili akaanza kueleza habari za mkewe, na alipomaliza jua lilikuwa limezama, akashukuru akaondoka. Kuna siku Wanzagi hakuinuka kabisa, aliangalia ukuta. Siku hizo mwenye zamu alikaa chini naye akaangalia ukuta. Mseti alileta viatu vipya kutoka Bunda, vinavyofanana, akavisukuma chini ya pazia bila neno. Wanzagi akavaa kimoja tu, mguu wa pili akabaki na yeboyebo, kwa sababu Matiko alilalamika watamtambuaje.

Halafu asubuhi moja baada ya mvua, Prosper alikuja na siku ile haikuwa zamu yake. Alimkuta Matrida anachuma mchicha ulioanza kuota tena. Akasimama, akazungusha filimbi kidoleni.

"Binti," akasema. "Lile yowe."

Matrida akasubiri.

"Mtu akiwa amepotea, ila yuko nyumbani kwake. Anakunywa uji, anapuliza filimbi, anaamrisha watu." Prosper alikuwa anatazama viatu vyake. "Huyo linapigwaje?"

Matrida alikijua kile kitendo cha kutazama viatu. Alikuwa anafikiria jibu pale pazia liliposogea, Wanzagi akatoka, hajachana nywele, kiatu kipya mguu mmoja.

"Huyo halipigwi, kamanda," akasema. "Huyo anaambiwa twende." Akaangalia miguu ya Prosper, buti mbili zinazong'aa. "Ila vua moja. Usije ukatupotea."

Prosper hakubisha. Matrida akamletea katambuga moja ya baba yake, na wale wawili wakashuka taratibu kuelekea korongoni. Prosper ndiye alikuwa anaongea.

Mchana mzee Matiko alipita pale. Akaona tope, akashindwa kujizuia, akainama akasoma kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wawili," akamwambia Matrida. "Mmoja anaendelea vizuri."

Akanusa kidole.

"Huyu wa pili ana mimba."